Majani ya chini ya maji yameteka bwawa langu la sato, nianzie wapi?

sato_mkuranga

Wakuu habarini za jioni. Naombeni msaada maana nisipoangalia mwaka huu nitavuna majani badala ya samaki.

Nina bwawa la udongo huku Mkuranga, mita 20 kwa 15. Upande wa kutolea maji kina ni mita moja na ushee, upande wa kuingizia maji yanafika magotini tu. Mwezi wa pili nilipandikiza vifaranga 900 wa sato, na mwanzo mambo yalikuwa mazuri tu, maji meupe unaona mpaka chini, nikawa najisifu kwa majirani kwamba bwawa langu safi kuliko yao.

Mwezi wa nne nikaona vijani vichache kule upande wa magotini, nikasema ah, si majani tu, hata samaki wanapenda kivuli. Aisee. Sa hivi mwezi wa saba nusu ya bwawa huoni maji. Na hili siyo gugumaji lile la ziwani linaloelea na maua ya zambarau, hili limeota chini kabisa kwenye tope, shina jembamba kama uzi wa viatu linapanda mpaka juu, likifika juu linatawanyika kama mkeka. Ukirusha chakula kinanasa juu ya majani kinaozea hapohapo, samaki hawakioni.

Nimeshaingia na panga na reki Jumamosi mbili mfululizo, nikakatakata, nikavuta nje nilichoweza, kingine kikaelea nikakiacha nikijua kitakufa. Wiki tatu baadaye limerudi na limeota mpaka sehemu ambazo halikuwepo!! Sasa kilichonitisha zaidi ni wiki hii, nimeamka saa kumi na moja alfajiri nakuta samaki wote wako juu wanatweta midomo wazi, na saba wamekufa. Ikifika saa nne jua likiwaka wanakuwa wazima kabisa kama hakuna kilichotokea.

Jirani ananiambia nipige dawa ya kuulia magugu ya shambani, nimeshanunua lita moja ipo stoo. Kuna mtu ameshapitia hili?

chura_wa_kibaha

Pole mkuu. Piga tu dawa hiyo, magugu ni magugu, au tia kambale 50 humo watakula yote ndani ya mwezi.

mzee_wa_mabwawa

Mkuranga, hiyo dawa iache stoo kwanza. Na wewe Chura, kambale anakula vifaranga vya mwenzako, siyo majani. Akiwa na njaa sana atakula kila kitu, ila usimtegemee kama mbuzi.

Nimekuwa afisa ugani wa uvuvi miaka mingi kabla ya kustaafu kwahiyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Dawa nyingi za magugu zinazouzwa madukani kwetu ni za glifosati. Hiyo inaingia kupitia jani lililo hewani, ikiingia kwenye maji inajichanganya na tope na kupoteza nguvu, kwahiyo jani lililo chini ya maji halisikii kitu. Utakuwa umepoteza hela na kuwalisha watu samaki waliooga dawa. Na kama siyo glifosati, ni ile kali ya parakwati, hiyo hata kuishika tu ni hatari kwako mwenyewe, usiisogeze kabisa kwenye maji ya samaki. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya majani ya ndani ya maji lakini hiyo ni habari nyingine, na hata hizo ukipiga bwawa zima kwa mkupuo majani yote yanakufa pamoja, yanaoza pamoja, hewa inaisha majini na samaki wanakufa wote usiku mmoja. Siyo dawa iliyowaua hapo, ni kuoza.

Hilo la alfajiri ni hivihivi. Mchana jua likiwaka majani yanatoa hewa ya oksijeni, samaki wanafurahi. Usiku yanageuka, yenyewe yanavuta hewa kama samaki wanavyovuta, na majani yakiwa nusu ya bwawa mpaka kunakucha hewa imebaki kidogo sana. Ndo maana saa nne wanapona. Usipopunguza majani, siku kukiwa na mawingu mazito siku mbili tatu mfululizo utaokota ndoo nzima ya mizoga.

Lakini kabla ya tiba nataka tujue ni mgonjwa gani. Yapo majani kama manne matano yanayofanana sana na tiba zake ni tofauti. Kesho nenda chukua shina moja refu, uling'oe taratibu na mizizi yake na tope, usilivute kwa hasira. Liweke kwenye sahani nyeupe au sufuria lenye maji safi majani yajifungue, af uniambie haya:

Majani yamekaa kwa kuzunguka shina kama pete au yamekaa mawilimawili? Kama ni pete, hesabu kila pete ina majani mangapi, hesabu pete kumi za katikati siyo za kileleni maana kileleni yanabanana. Shika jani moja kati ya vidole upitishe kutoka ncha kurudi kwenye shina, linakwaruza au ni laini? Na hilo tope la kwenye mizizi usilimwage, lioshe taratibu kwenye chujio uangalie kama kuna kitu kama kiazi.

sato_mkuranga

Shikamoo mzee. Nimefanya leo asubuhi, wife akanishangaa nimeinama na sahani ya pilau nahesabu majani.

Ni pete. Nyingi zina majani matano, nimeona za manne na moja ya sita. Jani lenyewe dogo, urefu kama ukucha wa kidole gumba. Kingo zake zina vimeno, naviona kwa macho bila kitu chochote, kama msumeno mdogo. Ukipitisha vidole kinyume linakwaruza kabisa, na chini ya ule mstari wa katikati kuna vijimiba.

Af kwenye tope mzee umenishangaza, vipo!! Vipunje vyeupe vya njano kidogo, saizi kama choroko, vingine kama punje ya mahindi, vina ncha. Nimekata kimoja kwa kisu, ndani kigumu cheupe kama kiazi mviringo. Kwenye shina moja tu na tope lake nimepata vinne.

mzee_wa_mabwawa

Marahaba. Basi hiyo ni haidrila, hatuna haja ya kutafuta zaidi.

Kwa faida ya wengine watakaosoma: lingekuwa na majani matatu kwa kila pete ningesema elodea. Lingekuwa na majani manne malaini, marefu sentimita mbili tatu, vimeno huvioni bila lenzi, na linatoa ua jeupe la petali tatu juu ya maji, hiyo ni ijeria, ile inayopendwa sana kwenye matangi ya samaki wa urembo. Hizo mbili hazina viazi. Lingekuwa halina mizizi kabisa, majani yamegawanyika kama uma na shina lote kama brashi ya kuoshea chupa, hilo ni Ceratophyllum, lipo sana pembezoni mwa Ziwa Victoria. Na kama ukiliponda linanuka kama kitunguu saumu na linakwaruza kama lina mchanga, basi hata siyo jani, ni mwani unaitwa kara.

Viazi ndo vimemaliza ubishi. Ukiona viazi vya hivyo kwenye tope na majani ya kukwaruza, ni haidrila.

Sasa utaelewa ulichofanya na panga. Haidrila kila pale pete ya majani ilipo pana uwezo wa kutoa mzizi na shina jipya. Umekata shina la mita moja vipande 20, umepanda mbegu 20, halafu upepo ukakusaidia kuzisambaza mpaka ulikokuwa huna. Usiumie, kila mtu anaanza na panga, hata mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimamia vijana wakakata bwawa zima na tukapiga picha.

Swali moja: limeingiaje? Bwawa lako unajaza kwa kisima au mto?

sato_mkuranga

Kisima mzee, ndo nashangaa. Kokoro, ule wavu wa kukokota, nililoazima kwa jamaa lilikuwa jipya halijawahi kuingia maji mengine.

Ila... naona aibu kusema. Mdogo wangu wa Temeke alikuwa na tangi la samaki wa urembo sebuleni, mwezi wa tatu alipohama nyumba akaja nalo huku kwangu, wale samaki wake wa dhahabu walishakufa, maji na majani tukamwaga bwawani. Mimi mwenyewe nilimshikia ndoo. Tulisema majani yatawapa sato hewa.

chura_wa_kibaha

😂😂😂 mkuu ulijipiga mwenyewe

mzee_wa_mabwawa

Basi mdogo wako ndo chanzo. Sehemu nyingi duniani limesafiri hivyohivyo, kwenye matangi ya sebuleni.

mbongo_florida

Wakuu naingilia kidogo maana mmetaja kitu kinachonipatia mkate kila siku. Niko Florida, nafanya kazi na kampuni ndogo ya kutunza yale mabwawa ya kwenye mitaa ya nyumba, na nusu ya kazi yetu ni hilohilo haidrila. Huku lililetwa miaka ya 1950 na wauza mimea ya matangi, likamwagwa kwenye mifereji, leo lipo kwenye maziwa na mito mpaka limekuwa bajeti ya jimbo. Linaweza kurefuka sentimita mbili na nusu kwa siku moja, na linaota kwenye mwanga hafifu ambao majani mengine hayawezi kuishi.

Mzee kagusia dawa. Huku tunazitumia, moja inaitwa fluridoni, lakini wameitumia sana mpaka haidrila ya sehemu nyingine imeizoea haishtuki tena. Kwahiyo hata hela ingekuwepo siyo mwisho wa matatizo.

Kinachofanya kazi huku kwenye mabwawa madogo ni samaki mmoja wa asili ya Uchina na mto Amur, tunamwita kapi wa majani, huyo anakula haidrila kama ng'ombe. Lakini lazima awe amefanywa tasa, na lazima uwe na kibali, na uweke chujio la chuma kwenye bomba la kutokea maji asitoroke, maana akitoka anafyeka majani yote mpaka yale ya asili ambayo samaki wengine wanazalia. Na viazi samaki huyo havili, vimefukiwa chini, kwahiyo ukimtoa tu linarudi. Kwa Bongo sijui kama...

Na kitu cha kuchekesha, wataalamu wa huku walishawahi kuja mpaka Ziwa Tanganyika kutafuta wadudu wanaolila, maana huko lipo na halisumbui kama huku.

mzee_wa_mabwawa

Umeongea vizuri Florida. Kwa hapa nyumbani samaki mgeni huingizi bila ruhusa ya Idara ya Uvuvi, na kwa bwawa la mita 300 za mraba sioni sababu ya kuhangaika naye. Na ni kweli haidrila ipo kwenye maziwa yetu makubwa toka zamani, lakini ziwa lina kina, lina mawimbi. Bwawa la magotini lenye maji meupe na jua la Mkuranga, hapo umeliandalia kitanda na neti.

Na kabla hamjaniuliza kuhusu perege: sato, ambaye naye ni perege, anakula zaidi vijimea vidogo vya kijani vinavyoelea kwenye maji, hawezi kumaliza hili. Yupo perege wa tumbo jekundu anayekula majani kweli, lakini anazaana kama panya, utapata bwawa lisilo na majani lenye samaki elfu tano wa saizi ya kidole. Umetoa tatizo moja umeingiza lingine.

Otis_wa_Siaya

Sasa boss, pole sana. Hii maneno nimeipitia mimi mwenyewe huku Siaya, Kenya, kwahiyo wacha nikuambie vile ilikuwa, usije ukarudia makosa yangu.

Kidimbwi changu ni moja ya zile serikali ilichimba 2009 na 2010, zile za mita 300 za mraba, constituency (jimbo la uchaguzi) zilizochaguliwa kila moja ilipewa 200, saizi ni kama yako tu. Miaka kama mitatu ilikaa bila samaki nikawa nimechoka nayo, nilipoirudia ndo nikapata hiyo majani, na ilikuwa hiyo ya viazi, hata mimi niliambiwa nichimbe nikaona.

Nikavuna ngege (sato) zote, nikamwaga maji, nikaacha ikauke. Nakwambia ilikauka vizuri, matope ikapasuka nyufa unaweza ingiza mkono, watoto walikuwa wanacheza mpira hapo ndani. Wiki tatu. Nikasema hiyo kitu imekufa imeisha. Nikajaza maji nikaweka samaki, mwezi moja tu, asubuhi nimekuja kulisha naona kidole kijani kimoja, kingine, kingine, imetoka kwa matope kama mahindi msimu wa mvua. Nilikaa chini hapo kwa ukingo nikacheka peke yangu.

Shida ni ule viazi. Juu ilikauka, lakini chini mkono moja hivi matope ilikuwa bado na unyevu, na viazi iko huko chini imelala. Jamaa wa uvuvi alikuja akaniambia viazi inaweza kaa kwa matope miaka minne na zaidi ikingoja maji. Miaka minne!

Ya pili ndo nilifanya akili. Nilivuna tena, nikamwaga, nikaajiri vijana wawili wakachota matope ya juu karibu nusu futi, hiyo tukapeleka kwa shamba ya ndizi mbali na mto. Halafu hapa ndo kuna siri: usiweke samaki bado. Jaza maji kidogo tu, kama futi moja, ngoja wiki mbili tatu ile viazi imebaki iamke. Ikiamka na kuwa kijani, mwaga maji tena ikauke na jua kabla haijapata nafasi ya kutengeneza viazi ingine. Ni kama kudanganya kuku na mahindi. Nilifanya hivyo mara mbili. Tangu hapo naona moja moja kwa mwezi, nang'oa kwa mkono, maisha inaendelea.

nesi_wa_ziwani

Jamani kabla hamjamwingiza mkuu kwenye maji tena, hebu kidogo. Mimi ni nesi huku kanda ya ziwa. Mkuu ulivyoingia na panga Jumamosi mbili, ulivaa nini?

sato_mkuranga

Kaptula na ndala dada. Ndala moja ilibaki humo.

nesi_wa_ziwani

Nilijua. Majani ya namna hiyo ndo makao ya konokono wa kichocho, wanapata chakula, wanapata pa kujificha na pa kutagia. Huku kwetu tunakiona zaidi kile cha tumbo, nyie wa Pwani ndo kile cha kukojoa damu, konokono ni aina nyingine lakini wote wanapenda majani. Geuza majani uliyotoa uangalie chini, ukiona konokono wadogo wenye gamba, chukulia kwamba wapo. Usiingie tena bila gambuti ndefu na glavu, na watoto wasiogelee humo. Na wewe mwenyewe nenda kituo cha afya ukapime, ukikutwa nacho dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli, siyo kitu cha kuogopa, cha kuogopa ni kukaa nacho miaka.

Halafu usione uchafu tu hapo. Kuna utafiti ulichapishwa 2023 wa kule Senegal, vijiji walitoa majani ya majini kwenye sehemu watu wanapochota maji na kuoga, yalikuwa zaidi lile la Ceratophyllum alilosema mzee, na maambukizi ya kichocho kwa watoto wa shule yakapungua. Majani yenyewe wakayageuza mboji wakapandia vitunguu na pilipili, mengine wakalisha mifugo. Kwahiyo usiyatupe, yafanyie mboji mbali na maji.

mzee_wa_mabwawa

Nesi asante, hilo nilitakiwa kuanza nalo mimi.

Basi Mkuranga, nikupangie. Samaki wako wana miezi mitano, huwezi kumwaga maji leo maana hawajafika saizi ya soko na utapata hasara. Unachotafuta sasa ni kuwafikisha salama mwezi wa tisa, halafu ndo vita yenyewe ianze.

Kwanza, punguza, usimalize. Gawanya bwawa sehemu tatu kwa macho. Toa sehemu moja, ngoja siku kumi uangalie samaki alfajiri, ndo utoe ya pili. Sehemu ya tatu iache mpaka siku ya kuvuna. Usitumie panga. Mtu mmoja avae gambuti, ashike shina chini kabisa karibu na tope, azungushe mkononi kama anasokota tambi kwenye uma, avute polepole litoke na mzizi. Mwingine asimame nyuma yake na chandarua kuukuu amezungushia eneo wanalofanyia kazi, vipande vyote vinavyokatika vinaishia kwenye chandarua, haviendi upande wa pili. Kazi hii ianze asubuhi jua likishapanda, siyo jioni, maana mkitibua tope jioni usiku wake samaki watapata shida.

Pili, chakula. Tengeneza fremu ya mianzi ya mraba, iweke ielee mahali ulipotoa majani, rushia chakula humo ndani tu. Asubuhi wakiwa wanatweta usiwalishe kabisa, subiri mpaka saa nne. Kama una pampu ya kisima iwashe alfajiri uyarushe maji juu yadondoke kwa kishindo, hewa inaingia.

Tatu, baada ya kuvuna fanya alivyofanya Otis, sina cha kuongeza isipokuwa mawili. Wakati tope limekauka chimba ule upande wa magotini. Hapo ndo kitalu cha haidrila. Bwawa la samaki kingo zake zinatakiwa zishuke haraka, upande wa kina kidogo usipungue sentimita 70 au 80. Halafu nyunyiza chokaa ya kilimo, kwa bwawa lako mifuko miwili ya kilo 25 inatosha. Chokaa haiui viazi, usidanganyike, ni ya kutengeneza tope na maji ili mbolea ifanye kazi.

Maana tiba ya kudumu ni maji ya kijani. Wewe ulijisifu maji meupe mpaka chini, hapo ndo ulipokosea toka siku ya kwanza. Ukishajaza maji ya mwisho tia samadi ya kuku iliyokauka, kwenye gunia lililofungwa pembeni siyo kumwaga ovyo, maji yageuke kijani ndani ya wiki. Mwanga haufiki chini, haidrila ikichipua inakuta giza. Pima kwa mkono: zamisha mkono umefungua kiganja, kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, hapo sawa. Kikipotea kabla ya kiwiko kijani kimezidi, punguza samadi. Ukifika kiwiko bado unahesabu vidole, ongeza. Lakini samadi usitie sasa hivi, majani yataila yenyewe na uozo utaongeza shida ya hewa.

chura_wa_kibaha

Mzee mi nina bwawa la kuchimba kwa karatasi ya nailoni, hilo siyo la tope. Likiingia hilo jani nafanyaje?

mzee_wa_mabwawa

Wewe una bahati, halina pa kufukia viazi zaidi ya uchafu uliokaa chini. Mwaga, sugua, kausha wiki moja juani, jaza. Ila azima nyavu za watu kwa akili.

sato_mkuranga

Wakuu narudi kuleta mrejesho, samahani nimechelewa, ni mwezi wa kumi na moja sasa.

Nilitoa theluthi mbili kama mzee alivyosema, na lile zoezi la kusokota kama tambi wife alinizidi mbali, mimi nilikuwa nakata yeye anatoa shina zima na viazi vinaning'inia. Baada ya sehemu ya kwanza samaki waliendelea kutweta asubuhi mbili tatu, baada ya sehemu ya pili wakaacha kabisa. Nimevuna mwezi wa tisa mwishoni, nimepata 780 kati ya 900, kokoro lilipita bila kunasa. Dada nesi nilipima, nilikutwa nacho, nimemeza vidonge, nashukuru sana maana nilikuwa nahisi tu uchovu nikadhani ni umri.

Bwawa limekaa kavu wiki nne. Tope tumechota vijana watatu siku mbili, limeenda kwenye migomba. Nilikaa na chujio nikaosha debe moja la tope la upande wa magotini kwa sababu nilitaka nijue mwenyewe, nikapata viazi 63. Debe moja! Nikavianika juu ya bati. Halafu nikajaza maji futi moja, siku ya kumi na mbili vikaanza kutoka, nimehesabu nikaacha kuhesabu. Nimemwaga juzi, vimelala chini vimenyauka kama mchicha wa jana. Narudia tena mara moja ndo nitie samadi.

Otis ule mfano wako wa kuku na mahindi nimewaambia mpaka vijana wanaochimba.

Otis_wa_Siaya

Hapo sasa 👏 usichoke tu, ya pili inatoka kidogo.

mzee_wa_mabwawa

Safi sana. Hivyo viazi ulivyoanika juu ya bati vichome, usivimwage.

sato_mkuranga

Nilivichoma mzee. Tatizo ni dogo wa Temeke, nilimtumia picha aone alichofanya, jana kanijibu anauliza kama kuna shina zimebaki kuna jamaa yake anauza mimea ya matangi anazitaka.

mzee_wa_mabwawa

Nipe namba ya huyo dogo inbox.